Mzaha wa Mambo Machafu: Kutoka Utani wa Mpanda hadi Katuni za Magazeti

Katika kila lugha yako maneno ambayo watu wote wanayajua wala hakuna ayafundishaye. Katika Kiswahili maneno ya namna hiyo ni kama mavi, kundu, kunya na kujamba. Mtoto huyajua kabla hajaingia shuleni, na mwalimu wake hayaandiki ubaoni hata siku moja. Lakini ukiwasikiliza watu wanaocheka kwa moyo wao wote, mara nyingi utakuta kwamba ni moja la maneno hayo lililowachekesha. Wataalamu wa lugha wameyapita kwa haraka, kana kwamba ni matope ya njiani ambayo mwenye adabu huyaruka. Makala haya yanakusudia kusimama hapo penye matope kwa muda, na kuuliza jambo moja: ni nani mwenye ruhusa ya kuyasema, na ruhusa hiyo aliipata kwa bei gani?

Swali hili tutalichunguza kwanza katika nchi ya Mpanda, katika Mkoa wa Katavi, pamoja na njia na watu walioiunganisha nchi hiyo na Unyamwezi na pwani. Baadaye tutafuata kicheko hicho hicho kilipotoka kinywani mwa mtani na kuingia katika katuni za magazeti, ambamo, kama tutakavyoona, ruhusa ilibaki lakini bei ikaondoka.

Adabu ya maneno

Yafaa tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili kina namna nyingi za kuzunguka jambo la uchafu bila ya kuligusa. Mtu huenda haja kubwa au haja ndogo, hujisaidia, huenda chooni, na neno choo lenyewe hutumika kwa mahali na kwa kile kilichoachwa mahali hapo. Mganga husema kinyesi. Hata mvua imeguswa na adabu hii. Kitenzi kunya, katika matumizi ya zamani ya pwani, kilisemwa juu ya mvua bila ya aibu, na watu wakasema mvua yanya. Leo wengi husema mvua inanyesha, na kule kukikimbia kitenzi kifupi hakukosi kuhusiana na maana yake ya pili.

Lakini lugha hiyo hiyo ilikuwa imejenga nyumba ambamo maneno haya yakaa kwa heshima. Nyumba ya kwanza ni methali. Mzee mwenye ndevu nyeupe, akiwa barazani mbele ya wageni, aweza kusema kwamba nyani haoni kundule, au kwamba mavi ya kale hayanuki, wala hakuna atakayemwambia kuwa ametukana. Mwanasiasa aweza kulalamika jukwaani kwamba kunya anye kuku, akinya bata ameharisha, na watu wakampigia makofi. Msemaji wa methali hasemi kwa kinywa chake mwenyewe. Asema kwa kinywa cha wahenga, na wahenga hawashtakiwi. Kwa hiyo twajifunza mapema kwamba uchafu haumo katika neno peke yake. Umo katika uhusiano wa msemaji na msikilizaji, na katika swali la nani atabeba dhamana ya neno lililosemwa. Nyumba ya pili ambamo neno chafu hupewa makao ni utani, na hiyo ndiyo itakayotushughulisha zaidi.

Utani ni nini

Wataalamu wa mila wamekwisha kuandika mengi juu ya utani. Mwaka 1940 F. J. Pedler alichapisha maelezo mafupi juu ya mila hiyo katika Afrika ya Mashariki, na mwaka huo huo A. R. Radcliffe-Brown akatoa makala yake mashuhuri iliyoueleza uhusiano wa namna hii kuwa ni wa watu wawili ambao mmoja ana ruhusa, na pengine wajibu, wa kumfanyia mwenziwe mzaha, na huyo mwenziwe hana ruhusa ya kukasirika. R. E. Moreau aliwafuata mwaka 1944 kwa uchunguzi wa makabila mengi ya Tanganyika. Mwaka 1963 James Christensen aliandika juu ya Waluguru, akionyesha wazi kwamba uhuru wa maneno machafu uliambatana na wajibu mzito. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas aliwakusanya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waandike juu ya utani wa kwao wenyewe.

Wote wanakubaliana kwamba utani ni wa namna mbili. Kuna utani wa jamaa, kama vile wa babu na mjukuu, wa mabinamu, na wa mashemeji. Katika sehemu nyingi za Bara babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, naye mjukuu humjibu kwamba mzee aliyepukutika meno namna hii hawezi hata kutafuna ugali, sembuse kuoa. Pili, kuna utani wa makabila, ambao unawafunga watu wasiojuana hata kidogo. Mnyamwezi na Mzaramo wakutanapo kwa mara ya kwanza, wakiisha kutajiana makabila, wanaweza kuanza kutukanana papo hapo na kucheka kama marafiki wa siku nyingi.

Yafaa tuzingatie upande wa pili wa utani wa jamaa, kwa kuwa huo ndio unaotupa maana yake. Mtu yule yule anayemwambia binamu yake maneno ambayo karatasi hii haiwezi kuyabeba, akimwona mkwewe anakuja njiani, hunyamaza, huinamisha macho, na pengine huiacha njia. Mbele ya mkwe hata neno choo ni zito. Basi watu hawa hawakuwa watu wasiojua haya. Walikuwa na ramani kamili ya haya, iliyoonyesha penye ukuta na penye mlango, na utani ulikuwa ndio mlango.

Mpanda, nchi ya njia na wageni

Hapana shaka kwamba utani wa jamaa ni wa kale sana. Utani wa makabila una historia iliyo karibu zaidi, na historia hiyo imepita katika nchi ya Mpanda.

Nchi hii ni ya Wakonongo, Wapimbwe, Wabende na Watongwe, na kusini yake wako Wafipa. Ukonongo ulipitiwa na njia za misafara iliyotoka Unyanyembe kwenda Ziwa Tanganyika. Mwaka 1871, vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilipoifunga njia ya kawaida ya Ujiji, Henry Stanley alizunguka kusini na kupita Ukonongo na Ukawendi akimtafuta Livingstone. Na wapagazi waliobeba mizigo yake walikuwa wameitembea nchi ya Bara kabla yake. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga kituo huko Karema, kando ya ziwa, na mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, basi, nchi hii ilikuwa ikipitiwa na watu ambao hawakuwa na baba wala mjomba katika kijiji walicholala.

Hapo ndipo utani ulipofanya kazi yake. Stephen Rockel, katika kitabu chake juu ya wapagazi kilichotoka mwaka 2006, ameuhesabu utani kuwa miongoni mwa taratibu zilizowaunganisha wasafiri na watu wa nchi walizopita. Kwa upande mwingine Moreau alionyesha kwamba makabila mengi yalieleza utani wao kwa vita vilivyopita. Tulipigana, tukachoka, tukapatana, na tangu hapo tumekuwa watani: ndivyo maelezo hayo yaendavyo, hasa kila mahali palipofika Wangoni. Njia na vita vyaonekana kuwa mambo mawili tofauti, lakini yana shina moja. Yote mawili humweka mtu mbele ya mgeni ambaye si ndugu wala hawezi kuachwa kuwa adui. Utani humpa jina mtu huyo wa katikati.

Karne ya ishirini ilileta wageni wengine. Madini ya risasi yalipopatikana Mpanda, serikali ya Tanganyika ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua, la urefu wa kilomita 210 hivi, ambalo lilifunguliwa mwaka 1950. Mgodi uliwaita wafanya kazi kutoka pande nyingi, na mji ukakua penye kituo cha mwisho cha reli. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1960, lakini mji haukufa. Baadaye wakaja wafugaji wa Kisukuma pamoja na ng'ombe wao, na wakimbizi wa Burundi waliopewa makazi huko Katumba na Mishamo katika miaka ya 1970. Hata utawala wa nchi hii umehamahama: Mpanda ilikuwa chini ya Tabora, ikaingizwa katika Mkoa wa Rukwa mwaka 1974, na mwaka 2012 ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi. Ni vigumu kupata nchi ambayo watu wake wamelazimika mara nyingi zaidi kujiuliza mgeni huyu ni nani kwetu.

Anayetukana ndiye azikaye

Mpaka hapa msomaji aweza kudhani kwamba utani ni mchezo wa maneno tu, wenye kulegeza mioyo ya watu wasiojuana. Huko ni kuuona nusu. Nusu ya pili huonekana msibani.

Mtu akifa, ndugu zake hukaa chini na kulia. Kwa desturi za watu wengi wa Bara watani ndio husimama: huchimba kaburi, hushughulikia maiti, husimamia chakula. Na wakati wa kufanya hayo yote ndipo mzaha wao uzidipo kuwa mchafu. Mtani huigiza jinsi marehemu alivyokoroma, alivyokohoa, alivyotembea akiwa amelewa. Hueleza mbele ya wajane kwamba marehemu alikuwa akijamba usiku kucha na sasa nyumba itapumua. Hushuka kaburini na kulala humo, akikataa kutoka mpaka apewe kuku au fedha. Wanaolia hujikuta wanacheka na machozi yako mashavuni, wala hakuna aonaye kuwa marehemu amevunjiwa heshima.

Kwa nini uchafu, tena mahali pale? Jibu langu ni hili. Maiti ni mwili, na mwili uliokufa una mambo yake ambayo jamaa hawawezi kuyatazama wala kuyataja. Mtu lazima ayatazame, na mtu lazima aushike mwili huo. Yule ambaye kwa maisha yake yote alipewa ruhusa ya kutaja kamasi za marehemu, na kundu lake, na harufu yake, ndiye pia ambaye mikono yake haishindwi siku ya mwisho. Maneno machafu ya miaka arobaini yalikuwa kama rehani. Aliyetukana alikuwa akiweka ahadi kwamba mwili huu nimeujua, na siku utakapowashinda wenyewe, mimi nitaubeba.

Sasa turudi Mpanda, katika mji wa mgodi wa miaka ya 1950. Mfanya kazi aliyetoka mbali hana jamaa wa kumchimbia kaburi. Akiwa na mtani, hata ambaye hawakujuana mwaka mmoja kabla yake, anaye mtu aliyefungwa na mila kumzika. Na atamjuaje mtani huyo? Kwa matusi. Neno chafu lililotupwa kilabuni jioni, likapokewa kwa kicheko, lilikuwa ni namna ya kutambulishana na kuthibitisha mkataba. Mwenye kusikia kutoka nje alisikia ukorofi. Wao wenyewe walisikia kwamba hawatazikwa kama mbwa.

Kicheko kinaingia gazetini

Tukihama sasa kutoka baraza na kilabu kwenda kwenye karatasi iliyopigwa chapa, twaukuta mlango wa tatu wa mzaha wa uchafu, nao ni katuni. Reli ile iliyowaleta watu Mpanda iliwaletea na magazeti. Tangu miaka ya 1950 wasomaji wa Kiswahili walikuwa wakicheka na Juha Kalulu wa Edward Gitau huko Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 gazeti la Uhuru la Dar es Salaam lilimleta Chakubanga wa Christian Gregory. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970, lilitokea gazeti la Sani, ambalo jina lake limeundwa kwa silabi za kwanza za majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo; na humo walizaliwa wahusika ambao vijana wa miaka ile hawajawasahau: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, Pimbi, Kipepe.

Majina hayo yenyewe yanastahili kutazamwa. Ndumilakuwili ni nyoka wa hadithi mwenye kuuma kwa pande mbili. Lofa ni neno tulilolichukua kwa Waingereza, la mtu asiye na kazi. Pimbi ni mnyama mdogo wa maweni, na katika kejeli ni mtu mfupi. Kila mmoja ametukanwa kabla hajatenda neno lolote. Jina lake ni utani. Wala mwenendo wao hauko mbali na yale ambayo mtani huigiza msibani: ulevi, uroho, tamaa, kuanguka, kuumbuka hadharani.

Lakini kuna tofauti mbili, na zote mbili zinamhusu mwanafunzi wa lugha. Ya kwanza ni kwamba katika katuni neno lenyewe huelekea kupungua, na picha hushika kazi yake. Kile ambacho mtani alikisema kwa mdomo, mchoraji hukionyesha kwa nzi wanaozunguka, kwa mistari ya harufu inayopanda, kwa matone ya jasho na mate. Penye haja ya sauti, huja viigizo: pwaa, chubwi, kwachu. Kiswahili kina hazina kubwa ya viigizo vya namna hiyo, na katuni imevipa makao ya maandishi ambayo fasihi ya vitabu haikuvipa kwa wingi.

Tofauti ya pili ni nzito zaidi. Mtani alikuwa na mtu wake. Alijua ni nani anayemtukana, na aliyetukanwa alijua jinsi ya kumrudishia. Msomaji wa katuni hana mtu. Lodi Lofa hawezi kumjibu, wala msomaji hatamzika Lodi Lofa. Ruhusa ya kucheka imehama kutoka katika uhusiano ikaingia katika mhusika: twaruhusiwa kumcheka kwa sababu ni mjinga, wala si kwa sababu ni wetu. Kicheko ni kile kile, na mwili unaochekwa ni ule ule, lakini deni limefutwa.

Mfano kutoka Japani

Ili tusidhani kwamba mambo haya ni ya kwetu peke yetu, yafaa tutazame mbali kidogo. Wajapani, ambao adabu yao ya maneno yajulikana dunia nzima, walichora tangu zama za Edo karatasi ndefu zenye kuonyesha watu wakipigana vita kwa kujamba. Katika magazeti yao ya katuni ya watoto mzaha huo ulipata nguvu mpya. Torii Kazuyoshi alichora katika miaka ya 1970 hadithi ya daktari wa chooni. Yamagami Tatsuhiko alimleta mwaka 1974 askari mtoto asiye na haya, katika Gaki Deka. Na Toriyama Akira, katika Dr. Slump iliyoanza mwaka 1980, alimchora msichana wa mashine anayefurahia kuchokoa mavi kwa kijiti. Wazazi wa Kijapani walipiga kelele, hasa juu ya Nagai Go, ambaye mwaka 1968 alianza kuchora shule isiyo na aibu. Watoto hawakuacha kununua.

Huko nako ruhusa ilikuwa na mahali pake. Ilitolewa kwa umri. Mtoto aliye katika shule yenye nidhamu kali aliachiwa kurasa chache za kucheka mambo ya tumbo, na akikua hutarajiwa kuziacha. Kwetu Bara mpangilio ulikuwa karibu kinyume chake: mtoto alikatazwa, na mzee, akiwa babu, ndiye aliyezidi kuwa huru. Kwa hiyo mtu akisema kwamba mzaha wa uchafu ni utoto, ajue kwamba anasema neno la nchi moja. Kwa mila ya utani ulikuwa ni kazi ya watu wazima, tena katika saa zilizo nzito kuliko zote.

Kazi iliyobaki

Je, haya yana uzito gani leo? Yana uzito wa namna tatu.

Kwanza ni sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika kifungu cha 89, inahesabu kuwa ni kosa kumtolea mtu lugha ya matusi kwa namna iwezayo kuvunja amani. Sheria hiyo ni ya haki, lakini haijui utani. Inahukumu neno na matokeo yake. Kadiri vijana wanavyozidi kusahau nani ni mtani wao na kwa nini, ndivyo mzaha wa zamani unavyozidi kusikika kama ugomvi mpya. Neno lililotumwa kwa simu kwa watu mia mbili haliwezi kuwa utani kwa wote mia mbili.

Pili ni ukusanyaji. Mtafiti akiingia katika kijiji cha Mkonongo au cha Mpimbwe na kinasa sauti chake, akaandika maneno ya utani bila ya kuandika ni nani aliyemwambia nani, mbele ya nani, na siku gani, atarudi na orodha ya matusi na si kitu kingine. Kamusi zetu za zamani, kama ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, hazikuyaficha maneno ya mwili, na katika hilo zastahili kusifiwa. Lakini maana ya maneno haya haikamiliki mpaka tutaje uhusiano. Kundu la methali, kundu la mtani na kundu la mgomvi ni neno moja katika kamusi, na ni mambo matatu katika maisha.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni lile deni. Watu wa mjini leo hucheka mambo machafu pengine kuliko babu zao. Wana katuni, wana maigizo ya televisheni, wana picha za kupokezana. Kilichopungua ni kule kufungwa na kicheko. Katika miji yetu mingi makaburi huchimbwa kwa ujira, na mtani akija msibani, mara nyingi huja kuchekesha kidogo, apewe noti yake, arudi nyumbani. Amebaki na ulimi, lakini mikono yake ameiacha kwao.

Wako bado, katika vijiji vya Inyonga, Mpimbwe na Karema, wazee wanaoijua desturi hii kwa ukamilifu wake. Hao ndio wa kuulizwa, tena upesi; na atakayewauliza asione haya kuyaandika maneno yao kama walivyoyasema. Aandike na kando yake ni nani aliyemzika nani.